Mwari yupi?

Kamusi zinampa mwari maana mbili. Wa kwanza ni msichana aliyechezwa unyago, ambaye wengi humwita mwali. Wa pili ni ndege wa majini, mkubwa, mwenye mfuko wa ngozi chini ya mdomo. Mfuko huo ni wa kuvulia, wala si ghala kama wengi wadhanivyo: huzoa samaki na maji, huyamwaga maji, ndipo humeza. Mayai huatamiwa takriban mwezi. Kinda huanguliwa hana hata unyoya, na akikua kidogo huchomeka kichwa kizima kooni mwa mzazi ajilie (adabu hiyo mwali hafundishwi). Mwari weupe wanaotaga kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elmenteita, Kenya, huruka hadi Nakuru kuvua.