Mandhari ya Theluji: Istilahi na Uchoraji Wake wa Kidijitali

Mandhari ya theluji ni picha ya mlima, bonde, msitu au kijiji ambamo theluji ndiyo inayoamua rangi na mwanga wa kila kitu kingine. Katika nchi za kaskazini picha za namna hii hupewa jina la majira ya baridi, na tafsiri ya haraka ya Kiswahili ingekuwa "mandhari ya kipupwe". Tafsiri hiyo haifai. Kipupwe cha Meru na Embu, kuanzia Juni hadi Agosti, ni ukungu, manyunyu na wingu la kijivu linalolalia mashamba ya chai. Theluji haionekani katika miji hiyo hata chembe. Iko juu ya Mlima Kenya, nako haingoji msimu, hutegemea kimo. Kilele cha Batian kina mita 5,199, cha Nelion 5,188 na cha Lenana 4,985, na ingawa ikweta inapita karibu, usiku wa mwezi wowote unaweza kuacha weupe kileleni. Istilahi iliyo sahihi, basi, ni ile inayotaja kitu chenyewe: mandhari ya theluji.

Maneno yanayoizunguka istilahi hiyo yanastahili kutazamwa kwa makini. Theluji limetoka kwa Waarabu, waitao thalj. Barafu limetoka kwa Waajemi, na barf kwao ni theluji ileile. Kiswahili kilipokea majina mawili ya kitu kimoja, kikayagawia kazi: theluji ikawa ile laini inayoanguka kutoka mawinguni, barafu ikawa maji yaliyoganda yakawa magumu, kama yale yanayouzwa madukani katika vifuko vya plastiki. La tatu ni sakitu, umande ulioganda. Mchoraji anayeyachanganya maneno haya huchanganya na rangi, maana kila kimoja hupokea mwanga kwa namna yake.

Tofauti hiyo huonekana wazi kwenye mmea mmoja wa mlimani. Anayepanda kutoka Chogoria, kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, huvuka msitu na mianzi hadi kwenye nyika ya juu inakoota lobelia kubwa. Majani yake yamejipanga duara kama bakuli na hushika maji. Usiku majani hujikunja kuelekea ndani, na maji hutandwa na kifuniko chembamba cha barafu. Alfajiri mmea huo huweza kuwa na sakitu kwenye kingo za majani, barafu ndani ya bakuli na theluji shinani. Katika kompyuta, sakitu huchorwa kwa nukta ndogondogo zinazong'aa upande wa jua tu. Barafu hupitisha mwanga, hivyo hupakwa rangi nzito kidogo ya kilichomo chini yake, kisha mng'ao mmoja mkali juu. Theluji hutawanya mwanga pande zote. Kingo zake ni laini, na mng'ao wa kioo ukiwekwa juu yake hugeuka plastiki.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuifanya theluji nyeupe. Theluji mpya hurudisha takriban asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia, na kwa sababu hiyohiyo hubeba rangi ya kinachoimulika. Penye jua huelekea umanjano. Penye kivuli humulikwa na anga, ikawa ya buluu. Weupe kamili wa kompyuta, yaani 255 kwa nyekundu, kijani na buluu, ndio mwisho wa ngazi. Ukimwagwa mlima mzima hakibaki kitu cha kung'aa zaidi yake, kwa hiyo huwekwa akiba kwa sehemu chache zinazotazamana na jua. Meru iko kaskazini-mashariki ya vilele na Embu kusini-mashariki, na uso wa mlima unaoonekana kutoka huko ndio unaopigwa na jua la kwanza: theluji huwa ya waridi na chungwa huku mashamba ya chini yangali gizani. Hiyo ndiyo saa ya kuchora, kwa kuwa mara nyingi mawingu huufunika mlima kabla ya adhuhuri.

Weupe pia huhitaji weusi. Mmisionari Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, katika nchi ya Wakamba, ambao jina lao la mlima huo, Kiinyaa, hufasiriwa kuwa la mbuni: mwamba mweusi wenye theluji, kama manyoya ya mbuni dume. Ulinganisho huo ni somo kamili la uchoraji, kwani theluji ya Batian huonekana kali kwa sababu ya mwamba ulio wima kando yake.

Programu kama Krita, ambayo hupatikana bila malipo, hugawa kazi katika tabaka: anga peke yake, mlima, ukungu, mianzi, chai. Neno tabaka limekwishazoeleka katika jiografia na linatosha. "Leya" halina faida juu yake. Theluji inayoanguka huanzishwa kwa kutawanya nukta ovyo juu ya tabaka tupu, kisha kuzififisha kuelekea upande wa upepo. Nukta hizo zina jina tayari, nalo ni chenga, kama zile zilizojaa kwenye televisheni za zamani zilipokosa mawimbi.

Mahali pa theluji napo pana kanuni. Kati ya Juni na Septemba jua liko kaskazini, hivyo uso wa kusini hukaa kivulini na kushika theluji. Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Na barafuto, ile barafu ya kudumu mlimani, imepungua sana tangu mpanda milima Halford Mackinder alipofika Batian mwaka 1899. Hata ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imekwisha kugawanyika. Mchoraji anayetumia picha za kale kuwa kielelezo aandike mwaka chini ya kazi yake.