Mupaka wa Uwezo wa Baraza la Provensi

Huku Lusangi, kama po pote katika inchi ya Kasongo na Kabambare, mulimaji anajua kwamba mupaka wa shamba una pande mbili: unamukataza kuingia kwa jirani, na unamukataza jirani kuingia kwake. Baraza la Provensi nalo liko vile vile. Watu wengine wanawaza kwamba wadepite wa Kindu wanaweza kuamuru lo lote. Wengine wanawaza kwamba hawawezi kitu. Wote wanakosa. Tutazame historia.

Sheria ya Musingi ya 19 Mei 1960 iliipa kila moja ya provensi sita za Congo Baraza lake, ikagawa kazi kati ya Léopoldville na provensi. Maniema wakati ule ilikuwa sehemu ya Kivu. Mwaka 1962 ikafanywa provensi ya peke yake. Halafu ikaja Katiba ya Luluabourg, 1 Agosti 1964, iliyozipa provensi uwezo mukubwa kuliko mbele. Lakini siku ile Kindu ilikuwa mikononi mwa Simba tangu Julai, na majeshi ya serikali yakaitwaa tena mwezi wa Novemba tu. Haki iliandikwa vizuri, lakini kwetu hapakuwa na wa kuitumia. Mwaka 1966 Maniema ikarudishwa ndani ya Kivu, na Katiba ya 24 Juni 1967 ikakusanya mamlaka Kinshasa. Mupaka ulivunjwa kwa upande wa juu. Maniema ikawa tena provensi mwaka 1988, lakini uwezo wa kutunga sheria ulirudi kwa Katiba ya 18 Februari 2006.

Katiba hii inagawa kazi kwa mafungu matatu. Kifungu 202 kinataja kazi za serikali kuu peke yake, kama jeshi na sheria ya madini. Kifungu 204 kinataja za provensi peke yake, kama feza zake na watumishi wake. Kifungu 203 kinataja zile za kushirikiana. Kifungu 205 kinakata maneno: pasipo kupewa ruhusa, Baraza halitungi sheria katika fungu la serikali kuu, wala Bunge la Kinshasa katika fungu la provensi, na katika kazi za kushirikiana, sheria ya provensi inayopingana na sheria ya inchi ni bure.

Tutoe mifano miwili. Wa kwanza ni zahabu ya Namoya. Baraza haliwezi kuandika sheria ya madini. Lakini sheria ile ile ya inchi, iliyogeuzwa mwaka 2018, inaipa provensi 25% ya malipo ya haki ya madini, na 15% kwa serikali za mahali. Basi wadepite wana haki ya kuuliza feza zile zimekwenda wapi.

Wa pili ni kodi. Kifungu 174 kinasema hakuna kodi pasipo sheria, na orodha ya kodi za provensi iliwekwa mwaka 2013, ikafanywa upya mwaka 2018. Baraza halina ruhusa ya kuzua nyingine. Mama anayepeleka muchele na mafuta ya ngazi sokoni Kasongo, akisimamishwa njiani, anaweza kuuliza: ni kwa sheria gani, na karatasi ya malipo iko wapi?

Hata upande wa juu hauna amani. Kifungu 175 kinaiachia provensi 40% ya mapato ya taifa, lakini fungu hilo halikupata kutolewa kamili. Na mwaka 2011 Katiba iligeuzwa, Rais akapewa uwezo wa kuvunja Baraza wakati wa matata makubwa yasiyokwisha.

Kifungu 162 kinamupa kila mutu njia ya kupeleka sheria isiyopatana na Katiba mbele ya Korti ya Katiba. Lakini njia hiyo ni ndefu kwa mutu wa kijiji asiyejua hata kwamba iko. Ndiyo maana tunawaomba mapadri na wakatekista kueleza vifungu hivi kwa maneno mepesi. Jiwe la mupaka lisilojulikana na watu huondolewa usiku, na asubuhi hakuna wa kushuhudia.