Epitaksia juu ya silikoni

Epitaksia ni njia ya kukuza utando mwembamba wa fuwele juu ya fuwele nyingine, ili atomi za utando zifuate mpangilio wa zile za chini. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa Louis Royer mwaka 1928.

Kwa nusukipitishi, msingi unaopendwa ni silikoni, kwa kuwa ni nafuu na hukatwa visahani vyenye kipenyo cha hadi milimita 300. Tabu ni kwamba nafasi kati ya atomi hazilingani. Kwa arsenidi ya gali (GaAs) tofauti ni takriban 4%. Huonekana ndogo, lakini utando ukinenepa mpangilio hukatika na kuacha kasoro zinazofupisha maisha ya leza. Nitridi ya gali (GaN), inayotumika katika chaja ndogo za simu, ni ngumu zaidi: tofauti hufikia karibu 17%, tena hukuzwa kwenye joto la takriban sentigredi 1000, na ikipoa hunywea kuliko silikoni hata kupasuka. Gali yenyewe huila silikoni, hivyo hutanguliwa na tabaka la nitridi ya alumini (AlN).

Si kila utando mwembamba ni epitaksia. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametafiti tando za dioksidi ya vanadi kwa madirisha ya kupunguza joto. Zikiwekwa juu ya kioo cha kawaida, hazina mpangilio wa kufuata.