Whisky ya moshi: namna ya kuionja

Ukifungua chupa ya Laphroaig mara ya kwanza, utazani imeharibika: inanuka moshi na dawa ya kidonda. Hapana, iko muzuri. Harufu hiyo inatokana na turbe, udongo mweusi wa majani yaliyooza nusu ndani ya maji kwa maelfu ya miaka. Kwenye kisiwa cha Islay, huko Uskoti, kuni ni haba, kwa hiyo watu walizoea kuchoma turbe. Moshi wake unaingia ndani ya shayiri iliyooteshwa wakati inakaushwa.

Maneno «single malt» kwenye chupa yanaonyesha whisky ya kiwanda kimoja, ya shayiri iliyooteshwa tu. Inalala ndani ya pipa la mwaloni angalau miaka 3, na alkoli yake haishuki chini ya asilimia 40.

Tia kidogo ndani ya vere, bila barafu. Nusa polepole, mdomo wazi kidogo, ili alkoli isichome pua. Onja kidogo sana, acha itembee juu ya ulimi, kisha meza. Ongeza matone ya maji, nusa tena: nyuma ya moshi utasikia chumvi, asali ao matunda.

Usiharakishe: turbe inaongezeka karibu milimita 1 tu kwa mwaka.