UNATAKA KUHAMA JIMBO HUKU MAREKANI? PIGA HESABU YA PANGO NA SHULE KABLA HUJAFUNGA MABEGI



Kila wiki napata barua pepe mbili tatu za vijana. Wengine wapo Bongo, wanaandika haraka haraka kabla dakika za intaneti kafe hazijaisha. Wengine wapo huku huku wanabeba maboksi. Swali ni lile lile: "Kaka, jimbo gani zuri Marekani? Nasikia Texas maisha rahisi, halafu hakuna kodi."

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika yote hapa, mwenye kuhifadhi ahifadhi. Naandika kama mtu aliyefanya makosa. Julai 2023 niliihamisha familia yangu kutoka Silver Spring, Maryland, kwenda Houston, Texas. Mimi, mama watoto, binti anayeingia darasa la 9 na mdogo wake wa la 2. Shemeji yangu alishatangulia, akatupigia simu: "Njooni bwana, huku nyumba bei ya bure." Tukaenda. Hesabu tulikuja kuipiga baada ya miezi mitatu, akaunti ikiwa imekauka.

HESABU YANGU YA KWELI

Maryland mimi nilikuwa ghalani kwa dola 20 kwa saa, mama watoto alikuwa anahudumia wazee kwa dola 19. Houston kazi zile zile zikawa dola 17.50 na dola 15. Kwa saa 40 kwa wiki, hiyo ni pungufu ya dola 1,127 kwa mwezi kabla ya makato. Sasa tuone kilichorudi:

- Makato ya serikali kuu yalipungua kwa sababu kipato kilipungua: kama dola 220
- Kodi ya mapato ya jimbo na kaunti ya Maryland tuliyoacha kulipa: kama dola 410
- Pango lilishuka kutoka dola 2,150 hadi 1,550: dola 600
- Nauli ya mama watoto ya basi na treni iliyokoma: dola 90

Jumla dola 1,320. Hapo unaona tumepata faida ya dola 193, si ndiyo? Subiri kwanza. Houston bila gari huendi popote, kwa hiyo tukawa na magari mawili badala ya moja:

- Bima ya gari la pili: dola 150
- Mafuta ya ziada: dola 120
- Umeme wa ziada, maana kiangazi kiyoyozi hakizimwi: dola 50 ukigawanya kwa mwaka mzima
- Barabara za kulipia: dola 40

Jumla dola 360. Toa 193. Tulikuwa tunapungukiwa dola 167 kila mwezi, yaani dola 2,000 kwa mwaka, katika jimbo "lisilo na kodi". Hapo sijahesabu lori la kuhamia. Na msije mkadanganywa kwamba gharama za kuhama utazitoa kwenye kodi ya mapato ya serikali kuu. Mlango huo ulifungwa tangu mwaka wa kodi 2018 kwa watu wa kawaida kama sisi.

Sisemi Texas ni mbaya. Nasema pango ni mstari mmoja tu kwenye daftari.

1. KODI: ISIPOINGILIA MLANGONI INAPITIA DIRISHANI

Ni kweli Texas haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Na haiko peke yake: zipo Florida, Tennessee, Nevada, Washington, Wyoming, South Dakota, Alaska na New Hampshire. Maryland inatoza kodi ya jimbo, halafu kaunti nayo inachukua yake. Kaunti ya Montgomery niliyokuwa naishi inachukua asilimia 3.2.

Lakini serikali yoyote lazima ile. Texas inakula kwenye manunuzi na kwenye nyumba. Kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 6.25, na miji ikiongeza yake inafika 8.25, wakati Maryland ni asilimia 6. Kwa bahati nzuri unga, mchele na nyama mbichi havitozwi kwenye majimbo yote mawili. Tennessee inatoza hata chakula cha kupikia nyumbani, asilimia 4 ya jimbo, halafu miji na kaunti nazo zinaongeza.

Kodi ya majengo ndiyo inayoumiza wanaonunua nyumba Texas. Ukijumlisha kaunti, mji na shule, kiwango kinaweza kufika asilimia 2 ya thamani. Nyumba ya dola 250,000 kwa asilimia 2 ni dola 5,000 kwa mwaka, zaidi ya dola 400 kila mwezi juu ya mkopo wa benki. Upo msamaha kwa nyumba unayoishi mwenyewe: kwenye kodi ya shule uliongezwa hadi dola 100,000 za thamani mwaka 2023, na Novemba 2025 wapiga kura wakakubali ufike dola 140,000. Ila msamaha huo lazima uuombe mwenyewe.

2. MSHAHARA UNATOFAUTIANA KULIKO MNAVYODHANI

Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na Texas inafuata hicho hicho. Maryland ilifika dola 15 Januari 2024. Usimuulize ndugu yako "huko kazi zipo?" Kazi zipo. Muulize, "Kazi kama yangu inalipa ngapi, na wewe unajuaje?"

Wadau wa hospitali na nyumba za wazee, hapa msinipite. Maryland na Texas zote zipo kwenye ule mkataba wa leseni za wauguzi, lakini ukihamisha makazi unatakiwa kuomba leseni ya jimbo jipya ndani ya siku 60. Mkataba huo ni wa RN na LPN tu, na LPN huku Texas anaitwa LVN, msishtuke. Mwenye CNA hamo. Lazima jina lake lihamishiwe kwenye daftari la jimbo jipya. Mama watoto hakujua, akakaa wiki tano nyumbani bila kazi akingoja makaratasi. Angeomba tukiwa bado Maryland tungeokoa mishahara ya mwezi mzima.

3. BIMA YA AFYA

Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haifanani kila jimbo. Maryland iliipanua mwaka 2014, mtu mzima mwenye kipato kidogo anaipata hata kama hana mtoto. Texas ni kati ya majimbo 10 ambayo hayajaipanua. Kijana mzima asiye na mtoto wala ulemavu, hata akiwa hana kitu, kwa kawaida haipati. Watoto wana mipango yao, hao waombee mapema. Kama una kisukari au presha na unategemea bima hiyo, jambo hili ni kubwa kuliko pango.

4. SHULE: ANWANI NDIYO INAAMUA

Hapa ndipo nilipoumia zaidi.

Huku mtoto wa shule ya serikali kwa kawaida anasoma shule ya eneo analoishi. Maryland ni rahisi kuelewa: kila kaunti ni wilaya moja ya shule, ukiongeza Jiji la Baltimore zinakuwa 24 jimbo zima. Texas zipo zaidi ya 1,000, zinaitwa ISD, na mipaka yake haifuati mji wala kaunti. Anwani inaweza kuandikwa Houston, kumbe mtoto yupo Alief, Spring Branch, Cypress-Fairbanks au Katy. Hata Houston ISD yenyewe ilichukuliwa na mamlaka ya elimu ya jimbo Juni 2023, mwezi mmoja kabla hatujafika, na mimi sikujua.

Nilichagua nyumba kwa kuangalia shule nzuri iliyo umbali wa dakika tano. Nikasaini mkataba wa mwaka. Siku ya kuandikisha naambiwa mpaka unapita barabara ya nyuma yetu, sisi tupo upande wa pili. Binti yangu aliniangalia tu, hakusema kitu. Kwa hiyo wadau: ingia kwenye tovuti ya wilaya ya shule, andika anwani kamili hadi namba ya nyumba, kisha piga simu uhakikishe. Fanya hivyo KABLA ya kusaini.

Kuhusu alama za shule: Texas inatoa A hadi F, Maryland inatoa nyota 1 hadi 5. Huwezi kulinganisha B ya huku na nyota 4 za kule, mitihani ni tofauti na vipimo ni tofauti. Tovuti za kulinganisha shule nazo zinategemea sana matokeo ya mitihani, ambayo mara nyingi yanafuata kipato cha wazazi. Mimi sasa naangalia mambo matatu: watoto wanapanda kiasi gani mwaka hadi mwaka, kuna walimu wa kusaidia wanaojifunza Kiingereza, na sekondari ina masomo gani ya ufundi au afya. Halafu naenda mwenyewe kuiona.

Makaratasi ya kubeba: cheti cha kuzaliwa, rekodi ya chanjo, mkataba wa nyumba au bili yenye jina lako, na rekodi KAMILI ya masomo. Binti yangu alimaliza aljebra ya kwanza akiwa darasa la 8 kule Maryland, lakini nilibeba ripoti ya muhula wa mwisho tu. Wakamrudisha kuisoma upya. Wiki tatu alikaa kwenye darasa la kitu anachokijua hadi rekodi ilipofika. Na zile saa 75 za huduma kwa jamii ambazo Maryland wanazidai ili uhitimu, alizokwisha kuzifanyia kazi nyingi? Texas haizidai. Badala yake kuna mitihani mitano ya jimbo ya sekondari.

Kama mtoto yupo darasa la 11, fikirini mara mbili. Texas ina sheria ya mwaka 1997 inayowapa nafasi vyuo vikuu vya umma wanafunzi walio asilimia 10 ya juu ya shule yao (Chuo cha Austin kimeibana hadi asilimia 5 kwa walioomba kuanza 2026). Kumhamisha mwishoni kunaweza kumvurugia nafasi yake. Na ada nafuu ya mkazi inataka kwa kawaida miezi 12 ya kuishi jimboni, Maryland hivyo hivyo.

Wadogo nao: Maryland na Texas zote zinataka awe na miaka 5 ifikapo Septemba 1 ili aanze chekechea ya shule. Jiji la New York linahesabu hadi Desemba 31. Mtoto wa Novemba aliyeanza kule akiwa na miaka 4 anaweza kukutana na maswali akifika huku.

Na hili kwa wale wenye hofu ya makaratasi: mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotokea hapa hapa Texas, iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya msingi na sekondari ya serikali kwa sababu hana vibali.

5. VIJISENTI NA TAREHE ZA KUKUMBUKA

- Dipoziti ya nyumba: Maryland tangu Oktoba 2024 kwa kawaida haizidi pango la mwezi mmoja, na unarudishiwa ndani ya siku 45. Texas haina ukomo, ila ni siku 30. Waachie anwani mpya kwa maandishi.
- Umeme: sehemu kubwa ya Texas unachagua kampuni mwenyewe. Soma mkataba, bei ya miezi mitatu ya kwanza siyo bei ya mwaka.
- Mafuriko: Houston ilizama na kimbunga Harvey Agosti 2017. Bima ya kawaida ya nyumba haigusi mafuriko, na ile ya mpango wa serikali kwa kawaida huanza kazi baada ya siku 30.
- Gari: Texas wanakupa siku 30 kulisajili, siku 90 kubadili leseni ya udereva.
- Usiye raia: taarifa ya anwani mpya kwa uhamiaji ndani ya siku 10, fomu AR-11. Haina malipo, lakini wengi wanaisahau.

6. UTALINGANISHAJE MWENYEWE?

Serikali kupitia ofisi inayoitwa BEA inatoa namba za bei kwa kila jimbo, wastani wa nchi ukiwa 100. Kwa mwaka 2023 California ilizidi 112, Arkansas na Mississippi zilikuwa chini ya 88. Pia kuna kikokotoo cha chuo cha MIT kinachoonyesha familia ya ukubwa wako inahitaji kipato gani kwa kila kaunti. Angalia kaunti, siyo jimbo. Austin na vijiji vya mpakani ni Texas moja, bei mbingu na ardhi.

Halafu chukua karatasi, chora mistari miwili, huko na huku. Andika mshahara mkononi, pango, gari, umeme, bima ya afya, chakula, mtoto wa kulelewa, na hela ya kutuma nyumbani. Hiyo ya nyumbani msiifiche. Sisi tuliificha, na mwezi wa tatu mama yangu Morogoro ndiye aliyekosa hela ya dawa kwanza.

Mnauliza kama najuta? Tupo bado Houston. Mkataba ulipoisha tulihamia karibu na kazi, barabara za kulipia tukaachana nazo, mama watoto akapata sehemu inayolipa vizuri zaidi, na binti anasoma masomo ya afya anayoyapenda. Hesabu sasa inafunga. Lakini ule mwaka wa kwanza ulitula, na ulitula kwa sababu tulihama kwa kusikia. Shemeji hakutudanganya. Alisema ukweli wake, yeye hana mtoto wa shule na anaendesha lori.

Mwenye uzoefu wa Ohio, Minnesota au Carolina atuongezee hapo chini, wenzetu wapate mwanga.

Nawasilisha.

Mdau, Houston