Mumiani wa Bibi na Sinema za Crystal



Katika vitabu vya mikutano yetu iliyotangulia tumesoma habari za wazee waliovuka bahari na za wajukuu waliohitimu vyuo. Safari hii nimeombwa niandike historia ya jambo linaloonekana dogo, nayo ni mikesha ya sinema iliyokuwa ikifanyika kila Jumamosi nyumbani kwa Ami, mjini Crystal. Nimekubali kwa sababu moja. Katika mkesha mmojawapo tulipewa kipande cha historia ya ukoo wetu, nasi kwa kicheko chetu tukakipoteza.

Crystal ni mji mdogo ulioko kaskazini-magharibi ya Minneapolis. Nyumba zake nyingi zilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na aghalabu zina chumba chini ya ardhi ambamo watu hujificha kimbunga kinapovuma. Chumba cha Ami kilikuwa na zulia kuukuu, televisheni moja na birika la chai lisilokauka. Wakati wa baridi, theluji inapofunika madirisha, humo ndimo mlimokuwa baraza yetu.

Mikesha ilianza kwa sadfa. Tarehe 24 Novemba 1988, Sikukuu ya Shukrani, kituo cha KTMA cha Minneapolis, chaneli ya 23, kilirusha kwa mara ya kwanza kipindi kiitwacho Mystery Science Theater 3000. Aliyekibuni, Joel Hodgson, aliigiza mtu aliyefungiwa angani pamoja na maroboti, akilazimishwa kutazama filamu mbovu za kale. Vivuli vyao vilionekana chini ya picha, nao waliikejeli filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1989 kipindi kilihamia televisheni ya kebo, kikapata sifa nchi nzima na kuendelea hadi 1999, ingawa kilitengenezwa papa hapa Minnesota, katika mji wa Eden Prairie. Sisi wa Crystal tulikijua kabla ya Marekani kukijua.

Wamarekani waliona ni uvumbuzi mkubwa kuisemesha sinema. Ami hakustaajabu hata kidogo. “Kwani Regal na Naaz kule Mombasa, nani aliyekaa kimya?” alituuliza. Watu walimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, wakaimba nyimbo za Kihindi pamoja na waigizaji, na kesho yake barazani wakaihukumu hadithi yote upya. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza jinsi sinema zilivyokuwa kiini cha maisha ya miji ya Tanzania na Zanzibar katika karne ya ishirini, na jinsi mazungumzo ya baada ya filamu yalivyothaminiwa kama filamu yenyewe. Ami aliyajua hayo bila kitabu.

Basi akaanza kukodi kanda za video. Tuliona Dracula na Frankenstein, zote mbili za mwaka 1931. Tuliona The Day the Earth Stood Still ya 1951, ambamo mgeni kutoka sayari nyingine anatua Washington kwa nia ya amani, na kabla hajamaliza salamu anapigwa risasi. Kijana mmoja wetu, aliyekuwa angali anangoja karatasi zake za uhamiaji, alisema filamu hiyo haikuwa ya kubuni hata chembe. Tuliona Godzilla, jitu la Kijapani la mwaka 1954, lililoamshwa baharini na majaribio ya mabomu ya nyuklia miaka tisa tu baada ya Hiroshima na Nagasaki. Ami akatufundisha kuuliza swali moja kila mkesha: watu waliotengeneza hofu hii walikuwa wakiogopa nini hasa? Sharti lake lilikuwa kwamba jawabu litolewe kwa Kiswahili, na ndivyo watoto wengi wa Crystal walivyojifunza kusema lugha yetu.

Ninaloungama ni la majira ya baridi ya mwaka 1993. Usiku huo tulitazama The Mummy, filamu ya mwaka 1932 iliyoongozwa na Karl Freund, ambamo Boris Karloff ni kuhani wa Misri anayefufuka baada ya wageni kulifukua kaburi lake. Ilitoka miaka kumi baada ya Howard Carter kuligundua kaburi la Tutankhamun. Bibi, aliyekuwa ametufikia kutoka Mombasa muda si mrefu, aliketi kwenye kochi akiwa amejifunika blanketi juu ya leso zake. Aliuliza jina la lile zimwi. Mmoja wetu akamjibu kwamba huitwa mummy, maiti ya kale iliyokaushwa.

“Mumiani!” akasema Bibi. “Basi huyo namjua. Ndiye aliyemchukua kaka yangu.”

Akatusimulia kwamba kaka yake mkubwa alikwenda Kilindini kutafuta kibarua zama za Mwingereza, yeye Bibi akiwa mtoto, na hakurudi. Wazee walisema alikamatwa usiku na mumiani, wanyonya damu wenye gari jekundu, damu ikafanywa dawa ya wakubwa. Hapo mmoja wetu akatia mzaha kwa sauti ya roboti wa kile kipindi, na chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nilicheka. Bibi akasema, “Mwacheka?” Akatabasamu, akachukua tasbihi yake, akapanda ngazi kwenda kulala. Aliishi miaka minane zaidi, wala hakumtaja tena kaka yake.

Sasa nieleze tuliyoyajua baadaye. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, inalo neno mumiani. Yasema ni dawa nyeusi mfano wa gundi, na kwamba watu walishikilia kuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Asili ya neno ni Kiajemi, lilipotaja lami ya tiba iliyotoka miambani, na kwa njia ya Kiarabu ndilo lililowapa Wazungu jina la maiti za Misri. Kwa hiyo Bibi hakukosea. Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Tena kuna lililotunyamazisha zaidi. Kwa karne kadhaa, hadi karne ya kumi na nane, wauza dawa wa Ulaya waliuza unga wa maiti za Misri, na wagonjwa wakaunywa kama tiba. Kwenye filamu zimwi ni Mmisri aliyefukuliwa. Katika historia, aliyeliwa ni yeye.

Mwaka 2000 mwanahistoria Luise White alichapisha Speaking with Vampires, kitabu kuhusu uvumi wa wanyonya damu, waliojulikana pia kama wazimamoto, katika Afrika ya Mashariki na ya Kati wakati wa ukoloni. Hakuandika kuthibitisha kwamba damu ilinyonywa. Alionyesha kwamba katika hadithi hizo watu walieleza jinsi walivyouona utawala wa kigeni, uliowataka miili yao bila kuwaeleza sababu. Nikaifikiria Kilindini. Neno kibarua lenyewe latokana na barua, yaani kile cheti kidogo alichopewa mfanyakazi wa siku. Mtu aliyeajiriwa asubuhi na kuachishwa jioni, pasipo jina lake kuandikwa mahali pa kudumu, angeweza kupotea bila ofisi yoyote kuulizwa. Kwa mama aliyengoja mlangoni, mumiani lilikuwa jawabu pekee alilopata.

Tungelimwuliza Bibi swali la Ami, watu hawa walikuwa wakiogopa nini hasa, labda angalitueleza kaka yake alifikia nyumba ya nani, alifanya kazi gani, na alikuwa na umri gani. Swali hilo tuliliuliza kwa ajili ya Wajapani na Wamarekani. Kwa ajili ya nyanya yetu tulicheka.

Katika jedwali la nasaba lililomo kitabuni humu mtaona, kando ya jina la Bibi, nafasi moja tupu. Ni ya kaka huyo. Hatulijui hata jina lake. Nawaomba ninyi wa Mombasa na Tanga, hasa wazee wetu, kama mliwahi kumsikia akitajwa, hata kwa neno moja, mwambieni katibu wa chama ili aliandike.

Jumamosi usiku, baada ya chakula, tutaitazama tena The Mummy. Vijana mna ruhusa ya kuikejeli filamu mpendavyo. Lakini mzee akianza kusema, televisheni izimwe, na mtu mmoja awe na kalamu.