Nani Anayeuandika Usiku wa Mji?

Ndugu msomaji, kule nilikozaliwa mimi, Kirando, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, siku ya starehe haikuwa Jumamosi. Starehe ilifuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa mwanga wa karabai unaowavuta juu. Mbalamwezi ikishaangaza ziwa zima, karabai haina kazi tena, mitumbwi hupumzika, na mvuvi ana fedha mfukoni. Hapo ndipo jenereta za baa zilipowashwa, na rumba ya Kongo, ambayo kwao ni ng'ambo tu ya maji, ikalia mpaka alfajiri.

Hivi karibuni nilitaka kutayarisha kipindi juu ya baa hizo za miaka ya 1990. Nikampigia simu mzee mmoja wa huko. Alinihesabia baa moja baada ya nyingine, mwenyewe nani, mpiga santuri nani, ugomvi ulianzia wapi. Nikamwuliza, "Mzee, kuna maandishi yoyote?" Akacheka. "Maandishi, mwanangu? Kalamu ilikuwa inatoka siku polisi wakija."

Jibu hilo limenikaa kichwani, na limenipeleka mbali, hadi Kampala. Maana uko upande mmoja wa usiku wa mji ule ambao wengi wetu tumeusikia kwa njia hiyo hiyo tu, ya polisi kuja. Nazungumzia baa za mashoga. Najua wapo watakaokunja uso kwa kulisoma neno hilo gazetini. Nawaomba wanivumilie mpaka mwisho.

Kampala haikuanza jana kukesha. Miaka ya 1960 watu walikuwa wakicheza dansi klabu ya Suzana, Nakulabye. Afrigo Band ilianzishwa mwaka 1975, Idi Amin akiwa madarakani, na watu walicheza hivyo hivyo. Halafu ikaja serikali ya pili ya Milton Obote, 1980 hadi 1985, na neno ambalo Waganda wa umri mkubwa hawalisahau: panda gari. Askari walikuwa wakizingira mtaa, wakitoa amri kwa Kiswahili, lugha yetu hii, na watu wakasombwa kwenye malori. Wapo ambao hawakurudi.

Baada ya mwaka 1986 usiku ulirejea taratibu. Katika usiku huo walikuwamo pia wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake, kama walivyomo katika kila mji mkubwa. Sheria iliyowakataza iliandikwa na Waingereza enzi ya ukoloni, kama yetu ya kifungu cha 154. Uingereza yenyewe ilianza kuilegeza ya kwake mwaka 1967. Sisi tuliorithishwa tumeishika. Kwa hiyo watu hao hawakuwa na baa yao. Walikaa kwenye baa za watu wote, kona fulani, siku fulani, kwa kujuana.

Mwaka 2010 mwanaharakati Kasha Jacqueline Nabagesera alifungua baa kwa jina lake mwenyewe, waziwazi, eneo la Ntinda. Aliiita Sappho Islands. Hebu tazama wakati wenyewe. Muswada mkali dhidi ya mashoga ulikuwa umeshafikishwa bungeni mwaka 2009. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu, likitaka wanyongwe. Kasha na wenzake wawili walikwenda Mahakama Kuu, na Januari 3, 2011 wakashinda. Mmoja wao, David Kato, aliuawa nyumbani kwake Januari 26, siku ishirini na tatu baadaye. Mwaka huo huo wa 2011 Sappho Islands ikafungwa.

Kuanzia hapo, fuata tarehe. Agosti 4, 2016, polisi waliingia klabu ya Venom, Kabalagala, mashindano ya urembo ya wiki yao yakiendelea. Watu wakafungiwa ndani, na mmoja akaruka kutoka ghorofani kwa hofu. Novemba 2019, Ram Bar, katikati ya jiji: zaidi ya watu 120 wakakamatwa. Polisi walisema wanasaka shisha. Waliofikishwa mahakamani walikuwa 67, kwa shitaka la kuleta kero kwa umma. Mzee wa Nakulabye aliyewaona wakipakiwa bila shaka alikumbuka amri ya zamani.

Sasa jiulize, tunajua nini juu ya Ram Bar? Tunajua idadi ya waliokamatwa. Hatujui nani alikuwa akiimba vizuri, nani alikutana na mwenzake pale wakadumu miaka, nani alikimbilia pale siku alipofukuzwa nyumbani. Na wanaojua wana sababu ya kunyamaza. Sheria ya mwaka 2023 inaweza kumfunga mtu hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kueneza ushoga. Aprili 3, 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vichache, vikiwamo vya kumwadhibu mwenye nyumba na kumlazimisha jirani kutoa taarifa. Sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Mtu anayekumbuka baa yake kwa mapenzi hana hakika kama kumbukumbu hiyo si kosa.

Wenzetu wa New York walipatwa na jambo la namna hiyo. Juni 28, 1969 polisi walivamia baa ya Stonewall Inn, na wateja wakakataa kutawanyika. Mwaka 2016 Rais Obama aliitangaza sehemu hiyo kuwa mnara wa taifa. Sisemi kila baa ijengewe mnara. Nasema kule waliokamatwa walipewa nafasi ya kusimulia wenyewe, na ndiyo maana leo historia ile ina sura za watu, si hesabu ya pingu.

Mtaniuliza, mtu wa Ufipa yanamhusu nini ya Kampala? Yananihusu kwa kuwa panda gari haikuchagua. Desturi ya kuzingira baa na kusomba watu ikishazoeleka, leo ni huyu usiyempenda, kesho ni mvuvi na bia yake chini ya mbalamwezi. Na yananihusu kwa kuwa kazi yangu ni sauti. Mzee wangu wa Kirando bado anakumbuka. Nimeshapanga kumfuata na kinasa sauti kabla mwezi haujaandama tena. Natamani kule Kampala nako awepo mtu anayerekodi, hata kama kanda yenyewe itabidi ifungiwe kabatini kwa miaka.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.